Wakili Aliyewinga Ndege Mpungani

Miguu yangu imestaafu kabla yangu. Mwaka huu nimeacha udalali wa mashamba na viwanja hapa Kibiti, na nyinyi vijana mnaoshinda pale stendi na simu zenu mmeniomba niwaandikie niliyoyaona. Mimi shule niliishia darasa la nne, nikatolewa kwenda kulinda shamba lisiliwe na nguruwe, basi msitegemee maneno ya redioni. Na habari ya nilipata nini, au nilijenga wapi, msitegemee pia. Nyumba mnaiona. Nitawapa habari ya mipaka na habari ya mawakili, maana ndipo wengi wenu mnapotelezea.

Niliingia kazini nikiwa mtu mzima, nina mke na mtoto, nimechoka kukaanga samaki Ikwiriri. Aliyenipokea ni Mzee Mtupa, Mungu amrehemu. Alikuwa mfupi, mkavu, hacheki ovyo. Zana zake zilikuwa panga, kamba ya katani aliyoifunga mafundo, na fungu la ukindu mbichi. Viatu hakuvaa akiwa kazini. Alisema mpaka unaujua kwa unyayo, kwamba ardhi iliyolimwa na mmoja haifanani na ardhi iliyolimwa na mwingine, hata kama jicho linaona majani yaleyale. Mimi nilidhani anabana pesa ya viatu. Baadaye nikajua ni kweli, ingawa na pesa pia alikuwa anabana.

Enzi hizo mtu hakuuza ardhi, aliuza miti. Ukimuuliza fulani ana shamba kubwa kiasi gani, anakujibu minazi na mikorosho. Ardhi ilikuwa inakuja nyuma ya miti kama mkia. Ndiyo kazi ya ule ukindu: kila mti uliohesabiwa unafungwa utepe, usihesabiwe mara mbili. Mbuzi wakipita wakala ukindu, mnaanza upya. Na mtu aliweza kuwa na miti kwenye shamba la mwenzake, amepanda kwa ruhusa, wote wanajua, hakuna aliyeandika. Shikeni hilo, maana wageni wakija hawalijui, na sisi wenyeji tunasahau kulisema.

Siku yangu ya kwanza Mzee Mtupa alinituma nihesabu minazi pamoja na mwenye shamba. Jua linachoma, siafu wanapanda. Mzee Mtupa akaenda kukaa kibarazani kwa jirani, anakula mihogo ya kuchemsha na kuzungumza habari za msiba wa mtu. Niliporudi nikamnunia.

"Mzee, kazi nimefanya peke yangu."

"Wewe umehesabu," akasema. "Kazi nimefanya mimi."

"Kazi gani, na mdomo umejaa mihogo?"

"Mwenye shamba anajua anachotaka ukijue. Jirani anajua kilichopo." Akajipangusa mikono. "Huyu bwana ana kaka yake Kilwa. Minazi ya huku bondeni ni ya huyo kaka. Umeihesabu?"

Nilikuwa nimeihesabu.

Wakati ule Kibiti hakukuwa na wakili. Karatasi ya kuuziana iliandikwa na mwalimu au katibu wa kijiji, mashahidi wakaweka dole gumba, watu wakala pilau, yakaisha. Likitokea jambo zito ulikuwa unakwenda wilayani Utete, unasubiri kivuko, unavuka mto, unakuta ofisa amesafiri, unarudi kusubiri kivuko tena. Nilizifahamu nyuso za wavushaji kuliko za shemeji zangu. Lakini nasema kweli, nilipenda zile safari. Watu wawili waliogombana juu ya mpaka, ukiwaweka kwenye benchi moja la kusubiri kivuko tangu asubuhi, jua likifika utosini wameshaanza kugawana kashata. Mashauri mengine yaliishia ukingoni, hayakuvuka.

Kisha daraja likajengwa, lami ikaja, na watu wa Dar wakaanza kutafuta mashamba ya barabarani. Nyuma ya wanunuzi wakaja mawakili, na nyuma ya mawakili wakaja vishoka. Kishoka mnamjua: ana suti, ana muhuri ndani ya mfuko wa suruali, shule ya sheria ameipita kwa nje akiwa kwenye basi. Anagonga muhuri popote, hata juu ya tangi la pikipiki. Nilimwona mmoja akigonga mkataba ambao jina la kijiji limekosewa, na nilipomwonyesha akaniambia, "Mzee, muhuri haujali herufi." Muhuri kweli haujali. Anayejali ni yule aliyetoa fedha zake.

Kwa hiyo sikilizeni namna nilivyojifunza kumtambua wakili wa kununulia ardhi. Wakili wa kweli ana leseni hai, na siku hizi unamtafuta kwa jina kwenye simu unamwona. Akikasirika ukimtafuta, umeshapata jibu. Anakwambia mwanzoni atafanya nini na atatoza nini, na anaandika. Anauliza kabla ya kuandika. Anauliza kama muuzaji ana mke, kama mke amekubali, kama shamba ni la mirathi na msimamizi ameteuliwa na mahakama, kama kijiji kinajua. Kikiwa kiwanja kilichopimwa anakwenda kufanya upekuzi kwa msajili, haridhiki na hati aliyoshikishwa. Na muhimu kuliko yote, ana uwezo wa kukwambia usinunue. Wakili asiyewahi kumwambia mteja "acha" huyo ni mchapaji tu, na mchapaji mnaye pale stationari, bei nafuu.

Wa kwangu mimi alikuwa Wakili Rehema. Alitoka Songea, akapanga fremu Kibiti pembeni ya duka la saruji. Tulimcheka. Mwanamke, mgeni, hana gari, na nyuma ya mlango wa ofisi ameweka mabuti ya mvua kama mtu wa bustani. Nilimpelekea mteja wa kwanza kwa sababu wakili niliyemzoea alikuwa amekwenda hija.

"Shamba lenyewe umelikanyaga?" akaniuliza.

"Mimi ni dalali, wakili. Nimelikanyaga kuliko mwenyewe."

"Vizuri. Nani amezikwa pale?"

Nikamtazama. Mzee Mtupa alikuwa ameshafariki siku nyingi, na tangu amefariki hakuna mtu aliyeniuliza swali la namna ile. Nikamjibu. Akavaa mabuti yake, tukaondoka. Kuanzia siku hiyo nilimwita mwanangu, naye aliniita mzee wangu, na tuligombana karibu kila wiki, maana alikuwa anachelewesha biashara. Mteja amekaza mkanda, muuzaji ametega mkono, yeye anasema bado jirani wa kusini hajasema. Yeye hakuwa na haraka hata siku moja. Mambo yetu Wandengereko hakuyajua na hakujifanya anayajua, aliuliza tu mpaka ukachoka kumficha.

Nikiulizwa siku zipi za kazi ningependa nirudishiwe, nitachagua zile za shamba la Athumani wa Bungu.

Athumani alikuwa fundi pikipiki, mtoto pekee wa marehemu baba yake. Baba alimwachia shamba zuri linaloanzia barabara kuu na kushuka nyuma mpaka bondeni. Mahakama ilikuwa imemteua msimamizi wa mirathi, kwa hiyo upande huo alikuwa sawa. Alitaka kuuza afungue gereji yake mwenyewe, aache kutengeneza pikipiki juani. Si mtu mbaya. Nawaambia mapema msije mkamchukia.

Mnunuzi niliyempelekea ni Mama Neema, nesi aliyestaafu Dar. Alikuwa na mafao yake tu, na alitaka kuyaweka pahala pamoja: mikorosho, mananasi, nyumba ndogo, basi. Alilipenda shamba lile tangu alipoteremka kwenye gari. Alisimama katikati ya mikorosho ya mbele, ile inayotazama barabara, akasema, "Hapa ndipo nitakapokunywa chai yangu."

Athumani akasema, "Wakili yupo, mama. Anatuandikia sote wawili, unaokoa gharama."

Nikamvuta Mama Neema pembeni. Nikamwambia, mama, mtu hapulizi filimbi ya refa huku amevaa jezi. Chukua wako. Hata usiponunua leo, mimi nitakuwa bado dalali kesho, na mtu akinunua ugomvi kupitia kwangu jina linalotajwa ni langu. Akakubali. Manesi hawahitaji kuambiwa jambo mara mbili.

Wakili Rehema akaja na mabuti yake. Karatasi za Athumani alizisoma akazirudisha, akasema tutembee mpaka, na majirani wote waitwe. Tukatembea. Jirani wa kaskazini alikuwa Mzee Kindamba, mtu wa makamo yangu, anakohoa hata kama hana kifua. Tulipofika mbele, kwenye ile mikorosho, palikuwa na kibanda cha udongo na makuti, mlango umefungwa kwa kamba, mbele yake kinu kimefudikizwa.

"Hiki nini?" akauliza wakili.

"Banda tu hilo," akasema Athumani. "Litabomolewa."

"La nani?"

"La marehemu baba."

Wakili akakitazama kile kinu. "Marehemu alikuwa anatwanga?"

Mzee Kindamba akakohoa. Athumani akatazama barabarani kama anayesubiri basi.

"Mzee, una neno," wakili akamwambia Kindamba.

"Mimi niseme nini? Mwenye shamba ni huyo kijana."

"Useme kinu cha nani."

Akakohoa tena, kisha akasema. "Kinu kikifudikizwa, mwenyewe yuko mpungani. Anayehama huondoka nacho. Hicho ni cha Bi Tatu, shangazi yake huyu. Yuko dunguni, upande wa Mbuchi. Akishavuna atarudi. Na mikorosho hii ya mbele ameipanda yeye."

Wenyeji tunalijua hili, wageni hawalijui. Watu wetu msimu wa mpunga wanahamia delta, kule mto unapoingia baharini, wanakaa juu ya dungu, kijumba cha miti kilichoinuliwa, kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Miezi inapita. Nyumba waliyoiacha ukiitazama utasema gofu. Ukiuza shamba msimu huo, nusu ya wenye maneno hawapo.

Athumani akafoka. "Shangazi hana fungu. Nendeni kwa shehe mkamuulize. Baba akifa na ana mtoto wa kiume, dada yake harithi."

"Hapo sibishani na wewe," wakili akasema, sauti ileile. "Sijauliza alirithi nini. Nauliza kama kaka yake alimpa kitu akiwa hai. Alichokitoa akiwa hai hakimo kwenye mirathi."

"Alimpa," akasema Mzee Kindamba. "Kuanzia barabara mpaka kwenye ule mbuyu mchanga. Nilikuwepo. Tulikula ubwabwa wa kuku hapahapa tulipo, na marehemu ndiye aliyechinja."

Athumani akamtazama kwa jicho la kuuliza tangu lini umekuwa adui. Kisha akatoa lake la mwisho. Kuna mtu anataka kujenga sheli ya mafuta, anahitaji mbele ya barabara tu, na wakili wake hana maswali. "Mkiniletea mizengwe, wiki ijayo nasaini naye. Greda litakuja siku hiyohiyo."

Hapo kila mtu akaelewa palivyo. Akisaini na mtu wa sheli, Bi Tatu atarudi na magunia yake akute saruji. Mama Neema akinunua lote haraka ili awahi, ametia mafao yake yote kwenye nyumba ya mtu mwingine, na Bi Tatu akirudi atamkuta yeye ndiye adui. Akiacha, analikosa shamba, na kibanda kinabomolewa vilevile.

Mimi nilisema tumtumie Bi Tatu salamu aje. Wakili akasema salamu zinafika zimegeuka, tumfuate. Mama Neema akasema naye anakwenda. Nikamwambia kule kuna mbu, mama. Akaniuliza kama nadhani hospitali hazina mbu.

Tukaenda kwa pikipiki mpaka njia ilipokwisha, kisha mtumbwi, tukipita katikati ya mikoko, kisha tukatembea kwenye matuta huku maji yanalamba vifundo. Wakili ndiye aliyekuwa na mabuti, kwa hiyo sisi ndio tuliochekwa. Mpunga ulikuwa umeanza kutia maziwa. Ndege walikuwa wanashuka kama mtu amemwaga mchanga kutoka juu.

Bi Tatu alikuwa juu ya dungu lake, kamba zimetoka kila upande, zimefungwa makopo. Mwanamke mwembamba, khanga mbili, sauti ya kusikika Mafia.

"Hodi, dada," nikaita.

"Karibuni. Lakini semeni kwa kupiga kelele, ndege hawa hawana adabu." Akatutazama tunavyopanda ngazi. "Nyinyi wawili kaeni. Wewe binti wa mabuti, shika kamba ile. Nikisema vuta, vuta."

Wakili Rehema akashika kamba. Akaanza kueleza kilichomleta, taratibu, kama alivyozoea ofisini.

"Athumani anataka kuuza shamba lote, bibi, pamoja na pale mbele palipo na—"

"Vuta."

Akavuta. Makopo yakalia, ndege wakainuka, wakatua kwa jirani.

"—palipo na nyumba yako na mikorosho. Na kuna mnunuzi mwingine anayetaka—"

"Vuta. Upande ule pia. Hivi huko kwenu hamlimi?"

"Tunalima mahindi, bibi."

"Ndiyo maana."

Basi habari nzima ya shamba ikasemwa hivyo, kipande na makopo, kipande na makopo. Ilipokwisha Bi Tatu akanigeukia mimi. "Na wewe dalali, nakujua. Wewe ndiye uliyeuza shamba la mkwe wangu. Umekuja kunipima na mimi?"

"Sijaja kupima, dada. Nimekuja kusikia."

"Leo utasikia." Akawa anautazama mpunga. Kisha kwa sauti ya chini, ya kwanza tangu tufike, "Mtoto nimembeba mgongoni mimi, maji ya gharika yananifika kifuani. Leo nikienda kulima ananihesabu nimekufa."

"Bibi," akasema wakili, "jambo moja ulijue sasa hivi. Mimi ni wakili wa huyu mama, si wako. Nikikwambia kitu, kipime hivyo."

"Basi kwa nini umenifuata huku?"

"Ili mteja wangu asije akanunua nyumba yako bila kujua."

Bi Tatu akamtazama sana. "Hilo neno," akasema.

Wakili akamweleza cha kufanya. Aende Bungu, asimame mwenyewe mbele ya serikali ya kijiji, Mzee Kindamba atoe ushahidi. Akitaka wa kumsaidia kusema, Kibiti kuna mama msaidizi wa kisheria, hatozi wanyonge, na mimi dalali nitampeleka kwake. Lakini iwe kabla Athumani hajasaini kwingine.

Bi Tatu akacheka, si kwa furaha. Akaonyesha shamba kwa kidevu. "Nikiondoka, hawa wataniachia nini? Kila dungu hapa lina mtu na ndege wake. Hakuna mwenye mikono ya akiba. Nikiokoa nyumba nitakula nini ndani yake?"

Alisema kweli. Asubuhi mbili tu bila mtu, mpunga wa maziwa unabaki makapi. Mama Neema ndiye aliyetangulia kusema.

"Nitakaa mimi."

"Wewe?" Bi Tatu akamwangalia kuanzia kilemba mpaka miguu yenye matope. "Unajua kuwinga?"

"Sijui. Nimeona. Unavuta, unapiga kelele."

"Umefanya kazi gani?"

"Nesi."

"Wagonjwa hawaruki, mwanangu."

"Wanaruka, bibi. Hujashika zamu wodi ya watoto."

Nilimwona Bi Tatu akizuia kucheka. Kisha akakunja uso. "Unajua unachokifanya? Mimi nikishinda kule, shamba lako linapungua. Pale mbele unapopataka ndipo pangu."

"Najua," akasema Mama Neema. "Litapungua. Lakini nitalala usingizi."

Bi Tatu akamwonyesha kamba moja moja, ipi ni ya upande gani, ndege wanaanza kushuka wapi, chumvi iko wapi, nguruwe akija apige debe asishuke. Akamkabidhi kwa dungu la jirani, akasema huyu ni mgeni wangu, mkimsikia kimya mje. Tukamwacha pale juu, nesi mstaafu, amekaza khanga ya kuazima, anavuta makopo. Kwenye mtumbwi tulimsikia mpaka kona ya pili.

Kikao kikakaa Bungu kwenye ofisi ya kijiji. Athumani alikuja na wakili wake, suti nyeusi, joto lile. Akazungumza vizuri, kwa Kiswahili cha nyumba za juu. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa heshima. Wakili Rehema akamwomba mwenzake jina kamili, aliangalie kwenye simu. Yule bwana akasema samahani, ana simu inaingia, akatoka nje kuipokea. Mpaka leo anapokea.

Baada ya hapo Bi Tatu akasimama, yule msaidizi wa kisheria pembeni yake. Hakumtukana mtu.

"Athumani, nani alikwambia nimehama?"

"Shangazi, ningekutafutia pahala pa kukaa."

"Pahala ninapo. Swali langu ni nani alikwambia nimehama."

Athumani akainamisha kichwa. Mzee Kindamba akatoa ushahidi wake, ubwabwa na kuku na yote, na wazee wengine wawili wakakumbuka nao waliula. Kijiji kikasema kipande cha mbele, kuanzia barabara mpaka mbuyu mchanga, ni cha Bi Tatu, alipewa na kaka yake akiwa hai na akili timamu. Tukatoka hapohapo tukaenda kuutembea mpaka, mimi nimevua viatu, tukapanda minyaa ya kuonyesha mpaka. Bi Tatu mwenyewe akakata njia pembeni ya mikorosho yake, upana wa pikapu kupita, ili wa nyuma asifungiwe. Hakuombwa. Mtu wa sheli aliposikia mbele hakuna, hakurudi.

Athumani alininunia kwa muda. Kisha akaja mwenyewe kuniuliza kama yule nesi bado anataka, maana gereji bado anaihitaji. Nikamwambia akamuulize mwenyewe, lakini tumalize mavuno kwanza.

Kabla ya hapo, Bi Tatu alipokwenda kupokea kamba zake, Mama Neema alirudi kutoka delta sauti imekauka, mikono imechubuka kwa kamba, uso umejaa alama za mbu. Bi Tatu aliukagua mpunga wake wote ndipo akasema ndege wamekula pembe moja tu, na pembe ile hata yeye huwa wanaila. Kwa watu wetu hiyo ni sifa kubwa.

Siku ya kusaini tulikaa ofisini kwa Wakili Rehema, pembeni ya duka la saruji. Alikuwa na kawaida ya kuusoma mkataba wote kwa sauti, kwa Kiswahili, hata kama mnajua kusoma. Zamani nilikuwa nasinzia. Akasoma jina la muuzaji, akasoma jina la mnunuzi, akaingia kwenye mipaka. Kaskazini, Mzee Kindamba. Kusini, shamba la shule. Magharibi, bonde la kijiji. Karatasi ya kwanza ya Athumani ilikuwa imesema mashariki ni barabara kuu.

"Mashariki," akasoma wakili, "limepakana na shamba la Bi Tatu binti Mohamedi."

Bi Tatu alikuwa ameitwa aweke dole kama jirani wa mpaka. Alikuwa amekaa kwenye benchi na khanga zake za sikukuu.

"Rudia hapo," akasema.

Wakili akarudia.

"Tena."

Mama Neema akacheka kwa ile sauti ambayo tangu delta haijapona vizuri. Athumani naye akafuta uso kwa mkono. Wakili Rehema hakuwa na haraka. Akaisoma mara nyingine, taratibu, jina zima.

"Haya," akasema Bi Tatu, akakunjua mkono. "Sasa leteni wino."